Mvukuto wa Injini: Jinsi Motokaa Ilivyopewa Hewa ya Ziada

Somo la historia kwa redio, kwa wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, Handeni na Korogwe

Natumaini kila mmoja amekwisha kuketi, daftari analo, na penseli imechongwa. Leo twasoma historia, lakini si historia ya wafalme. Twasoma historia ya chombo kimoja cha chuma ambacho wengi wenu mmekisikia kikilia, ingawa pengine hamjapata kukiona.

Ninyi mkaao karibu na barabara kuu itokayo Segera, ikapita Korogwe na Mombo kwenda Same, mnayajua mabasi na malori makubwa yapitayo hapo. Lori likianza kupanda kilima, pamoja na ngurumo ya injini husikika sauti nyembamba kama mluzi. Mluzi ule watoka katika chombo kinachosukuma hewa kuingia ndani ya injini. Mafundi hukiita tabo. Tabo ana ndugu yake mkubwa, aliyetangulia kuzaliwa, ambaye huzungushwa kwa mkanda au kwa gia za injini yenyewe. Huyo ndugu mkubwa ndiye tutakayemsema zaidi leo.

Kwa nini tumseme? Kwa sababu wako watu wapendao magari ya mbio, yale madogo ya chini yenye milango miwili, ambao hununua chombo hiki na kukifunga katika gari ambalo halikutoka nacho kiwandani. Hutaka gari liwe na nguvu zaidi. Baadhi yao hufaulu. Wengine huharibu injini nzuri kwa siku chache, na fedha za miaka mingi hupotea. Chombo ni kile kile. Kwa nini mmoja afaulu na mwingine ashindwe? Hilo ndilo swali la somo letu. Liandikeni juu ya ukurasa.

Mimi nitakiita chombo hicho mvukuto, na sasa hivi mtaona sababu yake.

1. Moto hula hewa

Kabla ya motokaa kufika nchi hizi, wahunzi walikwisha kuijua kanuni ambayo chombo hiki hukifuata. Jirani zetu wa Upare wana habari za ukoo wa Washana wa Ugweno, waliokuwa mafundi wakubwa wa kufua chuma. Mhunzi alikuwa na makaa na madini ya chuma, lakini makaa peke yake hayakutosha. Makaa yakiachwa, huwaka polepole, na joto lake haliwezi kuyeyusha madini hayo. Kwa hiyo mhunzi alitengeneza mvukuto wa ngozi ya mbuzi, akaunganisha na bomba la udongo, na kijana akaketi kuvukuta. Hewa ikaingia kwa nguvu, makaa yakawa mekundu, kisha meupe.

Makaa hayakubadilika. Kilichoongezwa ni hewa. Moto hula vyakula viwili: kitu cha kuungua, na hewa. Ukiongeza kimoja na kukisahau cha pili, haupati faida.

Lakini mhunzi alijua na jambo la pili. Kadiri mvukuto unavyozidi, ndivyo makaa yanavyokwisha upesi, na ndivyo ukuta wa tanuru unavyopata taabu. Tanuru la udongo mwembamba lilipasuka. Basi mhunzi mwenye akili hakuanza na mvukuto. Alianza na ukuta wa tanuru. Kumbukeni jambo hili, maana tutalikuta tena huko Ulaya na katika mashindano ya magari hapa Afrika ya Mashariki.

2. Injini hupumuaje?

Injini ya petroli ni tanuru dogo. Ndani yake mna silinda, yaani chungu cha chuma chenye umbo la bomba. Ndani ya silinda mna pistoni, ipandayo na kushuka kama mchi katika kinu. Kazi yake huenda kwa hatua 4.

Hatua ya kwanza, pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Hatua ya pili, hupanda na kuibana hewa ile. Hatua ya tatu, plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Hatua ya nne, hupanda tena na kutoa moshi. Katika hatua hizi nne ni moja tu, ile ya tatu, iletayo nguvu.

Sasa tazameni hatua ya kwanza. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe, kama mtu avutavyo pumzi. Haiwezi kupata hewa zaidi ya ile iliyopo nje. Na hewa iliyopo nje si sawa kila mahali. Chini, karibu na bahari, hewa ni nzito. Juu ya milima ni nyepesi. Ndiyo sababu mtu asiyezoea akipanda mlima huhema.

Tufanye hesabu. Mji wa Korogwe uko kama mita 300 juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko kama mita 1,400. Toa 300 katika 1,400. Zabaki 1,100. Kwa kadiri, injini ya kawaida hupoteza sehemu 1 katika kila sehemu 100 za nguvu zake kwa kila mita 100 inazopanda. Basi gari litokalo Korogwe, likapita Mombo na kupanda zile kona za Usambara mpaka Lushoto, hupoteza kama sehemu 11 katika 100. Dereva husema gari limechoka. Kwa kweli gari halikuchoka. Limekosa hewa.

Mvukuto ni dawa ya jambo hilo. Huikusanya hewa ya nje, huibana, na kuisukuma ndani ya silinda kwa nguvu. Hewa ikizidi, petroli nayo yaweza kuzidishwa, moto huwa mkubwa, na pistoni husukumwa kwa nguvu zaidi.

3. Watu waliobuni mvukuto huu

Katika mji wa Connersville, jimbo la Indiana, nchi ya Marekani, walikuwako ndugu wawili, Philander Roots na Francis Roots. Walikuwa na kiwanda cha sufu kilichoendeshwa kwa maji. Katika kutafuta gurudumu bora la maji, walipata chombo ambacho kilisukuma hewa vizuri kuliko kilivyofanya kazi ya maji. Mwaka 1860 walipata hati ya serikali ya kuulinda ubunifu wao.

Chombo chao ni sanduku la chuma. Ndani yake mna mapande mawili yaliyokatwa kwa umbo la namba 8. Mapande hayo huzunguka pamoja, moja huku na jingine kule, yakipishana karibu sana bila kugusana, na kila yanapozunguka huchota hewa upande mmoja na kuitupa upande wa pili. Chombo kile kilitumiwa katika viwanda vya kuyeyushia chuma. Mwaona, basi, kwamba kazi yake ya mwanzo ilikuwa kazi ile ile ya kijana aliyeketi na ngozi ya mbuzi kando ya tanuru la Upare.

Miaka 25 baadaye, mwaka 1885, Mjerumani Gottlieb Daimler, mmoja wa watu waliotengeneza motokaa za kwanza, aliandikisha njia ya kuisukumia hewa injini kwa pampu. Na mwaka 1905 Alfred Büchi wa Uswisi akaandikisha njia ya pili: kuutumia moshi utokao katika injini kuzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo lizungushe pampu ya hewa. Hapo ndipo alipozaliwa tabo.

Wekeni tofauti hii katika daftari. Mvukuto wa mkanda huzungushwa na injini yenyewe. Uzuri wake ni kwamba huitika papo hapo dereva anapokanyaga. Ubaya wake ni kwamba hula sehemu ya nguvu za injini, kama mchukuzi ambaye naye lazima apewe posho. Tabo huzungushwa na moshi ambao ungalipotea bure. Lakini hungoja kwanza moshi uwe mwingi, kwa hiyo huchelewa kidogo kuitika, tena huwa wa moto sana.

4. Vita vilivyopita katika nchi yetu

Kilichowahimiza watu kutengeneza mivukuto hii upesi kilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, na vita hivyo vilipita hapa hapa. Mwaka 1916 majeshi ya upande wa Waingereza, yakiongozwa na Jenerali Smuts wa Afrika Kusini, yaliteremka katika bonde la mto Pangani yakiwafuata askari wa Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck. Mwezi wa Juni mwaka ule yaliingia Korogwe, kisha Handeni. Farasi wengi walikufa kwa ugonjwa uletwao na mbung'o. Motokaa zilizama katika matope na mchanga. Mizigo mingi ikabebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, na wengi wao hawakurudi kwao.

Katika vita hivyo ndege zilitumika kupeleleza. Ndege za Waingereza zilizoitwa B.E.2c zilikuwa na injini za nguvu za farasi 90 hivi. Kwa ndege ya watu wawili hizo si nguvu nyingi. Tena hewa ya joto ni nyepesi, kama ilivyo hewa ya milimani. Injini ilikosa pumzi mara mbili: kwa joto la nchi, na kwa kwenda juu.

Shida hii haikuwa ya Afrika tu. Kila jeshi lilitaka ndege iendayo juu kuliko ya adui. Mwaka 1918 fundi mmoja wa Marekani, Sanford Moss, aliipeleka injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, wenye kimo cha mita 4,300, ili aijaribu. Injini ile chini ilikuwa na nguvu za farasi 350. Juu ya mlima, bila msaada, ilitoa 230 tu. Alipoifunga tabo, ikatoa 356.

Fanyeni hesabu hii wenyewe. Kutoka 350 mpaka 230 zimepotea ngapi? Zimepotea 120, yaani zaidi ya theluthi moja. Na kutoka 230 mpaka 356 zimerudi ngapi? Zimerudi 126. Tabo aliirudishia injini yote iliyopotea, na zaidi kidogo.

5. Mvukuto waingia katika motokaa

Vita vilipokwisha, mafundi waliitia elimu ile katika motokaa. Mwaka 1921, katika maonyesho ya Berlin, kampuni ya Daimler ilionyesha motokaa za Mercedes zenye mvukuto. Moja yao ilikuwa na nguvu za farasi 40 katika mwendo wa kawaida. Dereva alipokanyaga mpaka chini, mvukuto uliingia kazini, na nguvu zikafika 65. Lakini haikufaa kufanya hivyo kwa muda mrefu. Mvukuto ulikuwa wa kupandia mlima au kulipita gari jingine, kisha upumzishwe. Mwaka 1923 motokaa ya Fiat yenye mvukuto ilishinda mbio kubwa za Italia, pale Monza, na tangu hapo kila mshindani wa mbio za magari akataka mvukuto.

Sasa sikilizeni habari ya Uingereza. Huko kulikuwa na kampuni ya Bentley, iliyojulikana kwa magari mazito na imara. Mwanzilishi wa kampuni, Bwana W. O. Bentley, hakupenda mvukuto. Shauri lake lilikuwa kwamba mtu akitaka nguvu zaidi, atengeneze injini kubwa zaidi. Lakini dereva mmoja wa mbio, Tim Birkin, hakukubali. Alipata fedha kwa bibi tajiri, Dorothy Paget, na mvukuto wenyewe ulichorwa na fundi Amherst Villiers. Wakaufunga mbele kabisa ya gari, mbele ya rejeta, ukazungushwa na krenki, yaani ule mtaimbo wa ndani ya injini ugeuzao mwendo wa pistoni kuwa wa kuzunguka.

Injini ile ilikuwa na nguvu za farasi 110. Gari la barabarani lenye mvukuto lilitoa 175, na lile la mbio likafika 240. Kwa mwendo wa kasi gari lilikuwa ajabu. Lakini nguvu zile zilidai malipo. Petroli ilikwisha upesi. Joto likazidi. Sehemu za ndani ikabidi ziimarishwe.

Mwaka 1930 magari ya aina mbili yalikwenda Le Mans, Ufaransa, katika mashindano ya saa 24. Yalikuwako magari ya mvukuto ya Birkin, na yalikuwako magari ya Bwana Bentley yenye injini kubwa isiyo na mvukuto. Magari ya mvukuto yaliharibika kabla ya mwisho. Gari la injini kubwa likashinda. Mwaka ule ule Birkin alishika nafasi ya pili katika mbio kubwa za Ufaransa huko Pau, akayatangulia magari mengi yaliyokuwa mepesi kuliko lake. Basi mvukuto haukuwa uongo. Uliweza kukimbia. Kukimbia saa 24 ndiko kulikoushinda.

6. Mvukuto wa kununua dukani

Katika miaka ya 1950 mvukuto ulitoka katika mikono ya matajiri. Kampuni ya Judson ya Marekani iliuza mivukuto pamoja na mikanda, mabomba na bolti zake zote katika sanduku moja, kwa wenye magari kama Volkswagen na MG. Uingereza iliuzwa mivukuto ya Shorrock. Mtu aliweza kununua sanduku, akaenda kwa fundi, akarudi na gari lenye nguvu mpya. Biashara hiyo haikukoma. Mpaka leo masanduku ya namna hiyo huuzwa kwa magari mengi ya mbio ya milango miwili.

Tuseme, basi, kwamba kijana wa hapa ana gari la namna hiyo na amepata mvukuto wake. Fundi mwema hufuata utaratibu gani? Andikeni, nami nitakwenda polepole.

Kwanza, huipima injini kabla ya kufungua bolti hata moja. Kila silinda hupimwa kama yabana hewa sawasawa na zenzake. Injini iliyochakaa haifungwi mvukuto. Huo ni kumtwisha mgonjwa gunia.

Pili, hutazama kipimo cha mbano, yaani pistoni hubana hewa mara ngapi ndani ya silinda. Mvukuto umekwisha kuibana hewa mara moja huko nje. Pistoni ikiibana tena kupita kiasi, petroli hulipuka kabla ya wakati wake, na injini husikika ikigonga kama nyundo. Kugonga huko kwaweza kutoboa pistoni. Kwa hiyo katika injini nyingi hutiwa pistoni za mbano mdogo, au mvukuto huzungushwa polepole kwa puli kubwa zaidi.

Tatu, huongeza petroli. Hewa nyingi na petroli chache huleta moto mkali unaoyeyusha chuma. Pampu ya petroli na njia zake lazima ziweze kupitisha zaidi. Wakati wa cheche nao hurekebishwa.

Nne, ndipo aufunge mvukuto. Kikalio chake kiwe imara, na puli zote zisimame katika mstari mmoja. Puli ikipinda hata kidogo, mkanda huliwa ubavu na kukatika.

Tano, huipoza hewa. Kitu kikibanwa hupata moto, kama pampu ya baiskeli ishikavyo joto mkononi. Hewa ya moto ni nyepesi, nayo hurudisha nyuma faida yote. Magari mengi, kwa hiyo, hutiwa rejeta ndogo ya kupoza hewa kabla haijaingia katika injini.

Sita, hutia chujio zuri la hewa. Mvukuto huvuta hewa nyingi, na palipo na vumbi huvuta vumbi jingi. Vumbi letu, hasa lile jekundu la barabara za Handeni wakati wa kiangazi, ni kama msasa.

Saba, hutazama breki, klachi na matairi. Gari lenye mwendo mpya na breki za zamani ni hatari kwa dereva na kwa kila mtu aliye kando ya barabara.

Hesabuni wenyewe. Katika mambo 7, mvukuto wenyewe ni jambo la nne. Matatu huutangulia, na matatu huufuata. Mtu aliyenunua sanduku peke yake amenunua sehemu moja katika saba.

7. Mashindano ya Safari

Sasa turudi katika nchi zetu. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Afrika ya Mashariki, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Baadaye yakaitwa Safari. Katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na milima ya Usambara ilikuwa mojawapo ya mahali palipowatoa madereva jasho. Baadaye yakabaki Kenya peke yake. Hayakuwa mbio za uwanjani. Yalikuwa maelfu ya kilomita za mawe, matope, vumbi na mito. Tena sehemu kubwa ilikuwa katika nchi ya juu, maana hata Nairobi yenyewe iko zaidi ya mita 1,600.

Mngalidhani kwamba mahali pa namna hiyo, penye hewa nyepesi, gari la mvukuto lingalishinda tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Mwaka 1954, mwaka 1957 na mwaka 1962 iliyoshinda ni Volkswagen, kijigari cha watu wa kawaida chenye injini ndogo. Mwaka 1971 na mwaka 1973 lilishinda gari la mbio la milango miwili, Datsun 240Z. La kwanza liliendeshwa na Edgar Herrmann, la pili na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye alikuja kushinda Safari mara 5. Datsun ile ilikuwa na silinda 6 na haikuwa na mvukuto wala tabo. Ilivuta hewa yake yenyewe.

Mwaka 1983 walikuja Wajerumani na Audi zenye tabo. Hannu Mikkola akashika nafasi ya pili. Aliyeshinda alikuwa Ari Vatanen katika Opel isiyo na tabo. Ilikuwa mwaka 1984, miaka 31 tangu Safari kuanza, ndipo gari lenye hewa ya kusukumwa liliposhinda. Nalo lilikuwa la milango miwili: Toyota Celica yenye tabo, likiendeshwa na Björn Waldegård wa Sweden.

Toyota ile ilishinda Safari tena mwaka 1985, ikiendeshwa na Juha Kankkunen, na tena mwaka 1986, ikiendeshwa na Waldegård. Ilishinda pia huko Ivory Coast mwaka 1983, 1985 na 1986. Ushindi wake wote katika mashindano ya ubingwa wa dunia ulipatikana Afrika. Huko Ulaya yalikuwako magari yenye nguvu zaidi na mitambo mingi zaidi, yenye kusukuma kwa magurudumu yote manne, nayo yaliishinda. Celica ilisukuma kwa magurudumu ya nyuma tu. Lakini ilikuwa imara, na nguvu zake zililingana na mifupa yake.

Na mvukuto wa mkanda je? Mwaka huo wa 1986, nyuma ya Toyota mbili zenye tabo, nafasi ya tatu ilishikwa na Markku Alén katika Lancia 037, gari la Italia la milango miwili lenye mvukuto wa mkanda. Kampuni ya Lancia ilikuwa na gari jipya zaidi na lenye nguvu zaidi, Delta S4, lenye mvukuto na tabo kwa pamoja. Safari hawakulileta. Walileta lile la zamani walilolijua.

8. Tulilojifunza

Turudi katika swali tuliloliandika juu ya ukurasa. Chombo ni kile kile. Kwa nini mmoja afaulu na mwingine ashindwe?

Historia yatujibu. Mvukuto hauumbi nguvu. Huiwezesha injini kuunguza petroli nyingi zaidi kwa wakati mmoja. Joto lote, msukumo wote na uchakavu wote wa moto huo mkubwa huangukia vyuma vilivyokuwamo. Kile kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho hulipa. Huko Le Mans zililipa injini za Birkin. Katika gari la kijana asiyejiandaa hulipa pistoni, au gasketi, au breki siku ya mvua. Mhunzi wa Upare aliyeanza na ukuta wa tanuru alikuwa amekwisha kulijua jambo hili.

Najua kwamba wengi wenu hamna gari la mbio, wala hamna haja nalo. Lakini wako kati yenu madereva, matingo na mafundi wa malori, na wako wenye watoto wajifunzao kazi hiyo katika gereji. Kwa hao nina neno moja la manufaa ya kila siku. Tabo wa lori huzunguka kwa kasi kubwa mno, naye huponywa na oili ya injini. Lori likimaliza kupanda kilima na kusimama, dereva asizime injini mara moja. Aiache ingurume polepole dakika mbili tatu, ili oili iendelee kupita na tabo apoe. Akizima ghafula, oili husimama, nayo huungua ndani ya tabo aliye moto bado. Tabo mpya ni ghali. Dakika tatu hazina bei.

Maneno ya kujifunza kuandika: mvukuto, silinda, pistoni, krenki, mbano, chujio, puli.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Makaa ya mhunzi yalibadilika nini mvukuto ulipovukutwa?

2. Motokaa ya Mercedes ilitoka nguvu za farasi 40 ikafika 65. Zimeongezeka ngapi? Je, ni zaidi ya nusu ya 40, au ni pungufu?

3. Bwana Bentley alitaka injini kubwa, Birkin alitaka mvukuto. Kila mmoja alikuwa na haki katika jambo gani? Mgawanyike pande mbili mbishane, kisha mwalimu aandike ubaoni sababu za kila upande.

4. Kijana wako akikuambia kwamba amepata mvukuto wa bei rahisi na anataka kuufunga kesho, utamwuliza maswali gani matatu kabla hujampa fedha?

5. Taja kazi yoyote ya shambani au nyumbani ambayo watu huongeza nguvu kabla ya kuimarisha kitakachozibeba. Ni nini hutokea?

Mwalimu, majibu ya swali la nne yaandikwe na kila mwanafunzi kwa mkono wake mwenyewe, sentensi tatu tu, na kila sentensi iishe kwa alama ya kuuliza. Kwaherini, ndugu zangu, tukutane tena katika somo lijalo.